Namna ya Kuugua Vizuri Likizoni Kasulu

Mgeni wa Ulaya anayekuja Kasulu hahitaji mwongozo huu. Yeye alishamwona daktari wiki kadhaa kabla ya safari, akachomwa sindano za homa ya ini na taifodi, akaandikiwa vidonge vya kukinga malaria, na begi lake linanuka dawa ya mbu hata kabla ndege haijatua. Kwa mtu wa namna hiyo malaria haina chake. Tunayemhitaji ni mtoto wa nyumbani: aliyezaliwa Heru Juu au Kifura, akatafutia maisha Dar es Salaam, Muscat au Texas, na Desemba hii anarudi kuwasalimia wazee. Huko Uingereza kwenyewe, wengi wanaorudi na malaria si watalii. Ni watu waliokwenda Afrika kuwaona ndugu zao. Kwa hiyo usijione mnyonge, uko kwenye kundi kubwa.

Tumalize kwanza habari ya kadi ya njano, maana ndiyo inayopendwa kwa sababu ina muhuri. Anayetoka Dar kwenda Kasulu hadaiwi na mtu. Ila ukipata hamu ya kuvuka ziwa kwenda Kalemie au Uvira, Kongo itaidai. Tangu Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inahesabika kwa maisha yote, mradi uchanjwe siku 10 kabla ya kuingia. Hapa mgonjwa mtarajiwa ana njia mbili: achanjwe jana yake, au anunue kadi na kuacha sindano. Ya pili ndiyo bora. Afisa wa mpakani atasoma muhuri. Mbu hajasoma shule.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kanuni ya kwanza ya malaria ni kuiamini damu yako. Sema kwa sauti, ikiwezekana mbele ya watoto: "Mimi nimekulia hapa, mbu wa hapa wananijua." Ni kweli walikujua. Kinga ya aliyekulia kwenye malaria hujengwa kwa kuumwa na kuumwa tena, na huanza kuyeyuka ukikaa mbali nayo. Miaka kumi ya Muscat inatosha kukufanya mgeni kabisa kwa vimelea vya Kibondo. Watoto wako waliozaliwa huko hawakuwa nayo tangu mwanzo, kwa hiyo walete na kaptura zao.

Kanuni ya pili, iamini baridi. Kasulu na Kibondo ziko juu, asubuhi ukungu unafunika migomba na bibi anaota moto jikoni. Mtu wa Dar akivuta sweta anajiambia kwamba baridi hii mbu haiwezi. Anaiweza. Milima ya Buha ina kimo cha kukutetemesha wewe, haina kimo cha kumfukuza anofelesi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta malaria kwa watoto takriban 24 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7 hivi. Hakuna mkoa uliotushinda mwaka huo. Kuna watu wanatafuta sababu ya kujivunia mkoa, hiyo waiache.

Kanuni ya tatu inahusu adabu. Bibi atakuambia, "Mjukuu wangu, chandarua ndicho hicho, lala humo." Kataa. Mwambie usingependa kumsumbua, abaki nacho yeye. Au akining'inize juu ya kitanda nawe ukikunje kwa sababu ya joto, ambalo halipo. Kabla ya hapo kaa nje hadi usiku wa manane ukiwasimulia vijana habari za Ulaya, miguu wazi. Anofelesi hufanya kazi usiku, na mtu anayesimulia hajipigi kofi mguuni.

Mchana usikae bure. Mjomba akienda porini kurina asali, upande wa Moyowosi, mfuate umevaa jinzi ya bluu. Mbung'o hupenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wewe utakuwa mtego unaotembea, tena usio na dawa. Malale haina chanjo. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi mapya ili kuwatoa kwenye mapori ya mbung'o. Siku hizi wagonjwa wamepungua sana, lakini aina ya malale inayopatikana kwetu, isipotibiwa, huua kwa miezi, haingoji miaka. Mjomba mwenyewe atakuwa amevaa shati zito la kaki la mikono mirefu. Mcheke kidogo.

Kipindupindu nakigusa tu. Mwaka 2015 kiliwapata wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga, kando ya ziwa, na kambini Nyarugusu ikabidi watu wanyweshwe chanjo. Wewe nunua maji ya chupa, uyashike mkononi ili yaonekane, kisha unywe pombe ya ndizi kwa kata inayozunguka kilabu kizima.

Pikipiki: panda mishikaki, bila kofia, usiku. Hiyo hakuna ugonjwa wa kitropiki unaoifikia kwa kasi.

Sasa likizo imeisha na hujaugua. Usikate tamaa. Malaria huchukua kama wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, kujionyesha, kwa hiyo homa itakukuta umesharudi kazini. Nenda duka la dawa useme mwili unauma. Utauziwa antibayotiki ya taifodi, au ya UTI, maana nchi yetu haijawahi kukosa mtu mwenye UTI. Usiombe kipimo cha haraka cha malaria. Kinachukua tone moja la damu na dakika zisizozidi 20, kitaharibu kila kitu. Ukilazimishwa kunywa dawa ya mseto, kumbuka dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu, na hufyonzwa vizuri zaidi ukiila na chakula chenye mafuta. Mchuzi wa mawese wa shangazi ungefaa mno, lakini umeuacha Kasulu. Kunywa dozi mbili, homa ikishuka weka vilivyobaki kwenye droo kwa ajili ya jirani.

Na ukifikishwa kwa daktari, akakuuliza kama umesafiri hivi karibuni, mwambie hapana. Ulikwenda nyumbani tu.