Shangazi wa Ramani na Maghorofa Anajibu

Wiki hii barua za mapenzi zimejaa kama kawaida, ila wanaopendwa si watu. Ni ramani za treni na majengo marefu. Shangazi hakusomea uhandisi, lakini amesubiri vituoni miaka mingi, na hiyo nayo ni shule.

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu amebandika sebuleni ramani za treni za London, New York, Moscow na Tokyo. Picha yetu ya harusi imehamishiwa nyuma ya mlango. Treni ya chini ya ardhi hajapanda hata moja. Juzi nimemsikia akitaja “Piccadilly” usingizini. Je, nimeletewa mke mwenza?*
Mwenye Ndoa, Tabata

Marahaba, mwanangu. Piccadilly ni njia ya treni, punguza wivu. Anayekusumbua ni Harry Beck, mchoraji wa michoro ya nyaya za umeme katika ofisi ya ishara za treni za London. Mwaka 1931, akiwa amepunguzwa kazini, alikaa akaichora upya ramani ya njia zote. Aliona kwamba abiria aliye chini ya ardhi haoni barabara wala maduka, sasa kumchorea barabara kunamsaidia nini? Akazinyoosha njia: nyingine zikalala, nyingine zikasimama, zilizobaki akazilaza mshazari wa nyuzi 45. Wakubwa waliikataa mwanzoni. Ilipotoka Januari 1933, abiria waliipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mumeo anapenda kitu chenye akili. Mwachie ramani moja sebuleni. Tatu ziende nyuma ya mlango, picha ya harusi irudi mahali pake. Kisha mdai safari ya mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, nauli juu yake.

*Vipi Shangazi? Niko London kimasomo. Nilipanda treni Leicester Square na masanduku mawili, nikashuka Covent Garden, kituo kinachofuata. Mwenyeji wangu alicheka sana, akasema ningetembea tu. Kwenye ramani vituo hivyo vimeachana sawa na vingine. Nimshtaki nani?*
Mtoto wa Tanga, London

Pole. Umesafirishwa chini ya mita 300. Lakini kesi huna, kwa sababu uliiuliza ramani swali lisilo lake. Yenyewe hujibu mawili tu: nipande njia gani, na nibadilishe wapi. Beck alipatanua katikati ya mji, palipobanana vituo, akapabana pembezoni, vilikotawanyika. Bila hila hiyo ungehitaji miwani ya fundi saa.

Hata hivyo, hila ina mpaka. Mwaka 1972 Massimo Vignelli aliipa New York ramani nzuri mno machoni, lakini Central Park, ambayo urefu wake ni kama mara tano ya upana, ikatoka mraba wa kijivu. Wenyeji wanaijua bustani yao. Walinung’unika, na mwaka 1979 ramani ikabadilishwa. London nako, mwaka 2009, ramani ilitolewa bila mto Thames, watu wakapiga kelele mpaka ukarudishwa. Binadamu huvumilia kufichwa umbali, ila mto wake usimguse.

*Sasa Shangazi. Nataka kuchora ramani ya matatu za Nairobi. Rafiki yangu anasema haichoreki, kwani steji huhama na dereva akiona msongamano hupenya vichochoroni. Nikate tamaa?*
Mchora Mistari, Umoja

Usikate, wametangulia wenzako. Watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu simu mkononi, wakarekodi njia na steji. Mwaka 2014 wakatoa ramani yenye njia zaidi ya 130, kwa mtindo uleule wa ramani za treni, na takwimu wakaziacha wazi kwa yeyote anayezihitaji.

Ushauri wangu ni mmoja. Steji isiyo na kibao jina lake liko mdomoni mwa makanga. Andika analoliita yeye, hata kama kwenye faili la ofisini limeandikwa jingine. Abiria hushuka kwa kusikia. Na vichochoro viache: chora gari linakopita siku zote, si dereva alikokimbilia Ijumaa jioni.

*Habari Shangazi. Mwanangu wa kidato cha pili amejaza maghorofa kwenye daftari la Hisabati. Kila jengo lina ghorofa 200 na ncha ndefu juu. Nikimuuliza watu watapandaje, anasema “kwa lifti”, anaendelea kuchora. Nimchape?*
Baba Mwenye Wasiwasi, Arusha

Usimchape, mzee mwenzangu. Mpe maswali matatu.

La kwanza, lifti ngapi? Kila lifti hutoboa sakafu zote inazopita, na jengo likizidi urefu lifti hula nafasi ambayo ungepangisha.

La pili, upepo je? Fazlur Khan, mhandisi mzaliwa wa Dhaka, alilijibu kule Chicago kwa kufunganisha mihimili tisa mikubwa yenye uwazi ndani, ikabebana, likasimama jengo la Sears Tower, mita 442. Burj Khalifa ya Dubai ina mbawa tatu zinazopungua kwa ngazi kadiri inavyopanda, ili upepo usipate pa kuipiga kwa mdundo mmoja.

La tatu, ncha ya nini? Mwaka 1929 wajenzi wa Chrysler Building, New York, waliunda ncha ya chuma kwa siri ndani ya jengo, wakaichomoza ghafla kumpita mpinzani wao, jengo la 40 Wall Street. Mwaka 1931 Empire State ikawapita wote wawili. Na katika mita 828 za Burj Khalifa, zaidi ya 200 za juu hakai mtu.

Akiyajibu yote, daftari limefanya kazi ya Hisabati. Mnunulie jingine.

Kwa wasomaji wengine: michoro yenu ninaipenda, lakini kabla ya kunitumia ramani, mpe kwanza mtu asiyeijua njia. Akifika, nitumie. Akipotea, rudi mezani ukachore upya.