Namna ya Kukasirika Vizuri

Utahitaji karatasi, kalamu, jembe, mche mmoja na hasira. Hasira haipatikani mbali: pita kwenye kiwanja cha watoto kilichozungushiwa mabati usiku, au kando ya mto uliobadilika rangi tangu kiwanda kifunguliwe. Ukiona moyo umechafuka, usimwombe mtu radhi. Umekasirika kwa sababu kuna kitu unakipenda na mtu anakichukua.

Washauri watakuja mbio kukukumbusha kwamba hasira hasara. Wakaribishe, kisha uwaulize kama yule anayeufyeka msitu naye ameshapewa nasaha.

Sasa itafutie hasira yako anwani. Kuilaani "serikali" barazani hakumnyimi mtu usingizi; jina la aliyetia saini kibali linamnyima. Mwaka 1989 mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alipopata habari kwamba ndani ya Uhuru Park, Nairobi, lingejengwa jengo la ghorofa 60, alikaa akaandika barua: kwa kampuni ya gazeti iliyohusika na mradi huo, Ofisi ya Rais, UNESCO, hata kwa Balozi wa Uingereza, maana Mwingereza Robert Maxwell alikuwa miongoni mwa wabia. Wabunge walimkejeli. Rais Moi alisema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, ikatimuliwa ofisini. Naye akazidi kuandika, mpaka wawekezaji wa nje wakajitoa, na mwaka 1992 uzio ukang'olewa. Weka nakala za barua zako zote, na usiende peke yako kuzipeleka.

Hatua ya jembe naipenda kuliko zote. Vipande vya msitu wa Karura, jijini Nairobi, vilipogawiwa wajenzi binafsi miaka ya tisini, Maathai na wenzake walikwenda huko na miche. Fikiria alivyobanwa mlinzi wa geti. Mwenye jiwe mkononi ataitwa mhuni kabla jua halijatua. Lakini utamwitaje mama aliyeinama kupanda mti kwenye msitu wa umma, mbele ya waandishi wa habari? Tarehe 8 Januari 1999 kundi la wanaume wenye silaha liliwavamia, na Maathai akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi cha Muthaiga kuandikisha taarifa, akaitia saini kwa damu yake mwenyewe. Sijui hasira iliyotumika vizuri zaidi ya hiyo: damu inamtoka, na bado anataka shauri liandikwe. Agosti mwaka huohuo Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Ukishinda, usiizime hasira siku ya sherehe. Wanyakuzi husubiri watu walale. Ipe kazi ndogondogo zisizopigwa picha: kuhudhuria kikao cha wilaya, kusoma tangazo la ardhi lililobandikwa pembeni ya ubao, kumwagilia. Green Belt Movement iliwalipa akina mama kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika, wala si kwa kila mche uliochomekwa ardhini. Kwa hiyo rudi baada ya miezi kadhaa, uhesabu miche iliyoshika, na penye pengo upande mche mwingine.