Heko, Donge la Uji

Wengi wanaliapiza. Mama mkwe akilikuta kwenye kikombe hasemi neno. Atalisukuma kwa kijiko mpaka ukingoni, na mkaza mwana atajua. Mimi niko upande wa donge. Jikoni hakuna chenye msimamo kama wake. Limezama kwenye maji yanayochemka, limezingirwa juu, chini na ubavuni, nawe ukilipasua unakuta katikati unga mkavu, vilevile ulivyotoka mashineni. Nani kati yetu angeingia humo asilowe?

Siri yake ni wanga. Wanga ni polima, tena polima yenye kiu. Maji yakikaribia nyuzi 70 za Selsiasi, chembe za unga wa mahindi huyanywa, huvimba na kushikana, na nje ya donge hutanda ngozi ya utelezi isiyopitisha maji kwa urahisi. Tone lililokuja kuvamia ndilo limejenga ukuta wa kulizuia lenyewe! Hapo hata mwiko haufui dafu. Katika maji baridi chembe hazivimbi sana, kwa hiyo maji hujipenyeza kati yake na donge hufa kabla ya kuzaliwa. Wapishi wajanja wanalijua hilo, wanakoroga unga pembeni kwanza. Wanashinda, sawa, lakini kwa kuvizia.

Wataalamu wa matone nao wana deni kwa ukoo huu wa vitu vinavyovimba. Mwaka 1805 Thomas Young alieleza kwamba tone lililotua juu ya kitu kigumu huwa na pembe yake maalumu ukingoni. Mwaka 1979 mtaalamu mwingine, Tanner, akaonyesha uvivu wa tone linalotandaa juu ya uso mgumu: ili upana wake uongezeke maradufu, muda sharti uzidi mara 1,024. Hesabu safi kabisa. Sasa liweke tone hilohilo juu ya jeli laini, ndugu wa donge katika ukoo wa kuvimba. Ukingo wake unauvuta uso wa jeli ukainuka kituta, pengine cha makumi ya mikroni, na tone linalazimika kukiburuta kila liendako. Linakwama, linaruka, linakwama tena. Young hakuwa na habari na utundu huo.

Viwandani donge linaogopwa kwa gharama yake. Baadhi ya maziwa ya unga hupakwa lesithini ili maji yaingie upesi. Chembe zinazonyonya mkojo ndani ya nepi hukazwa ganda la nje, maana zikilainika mno zinabanana, zinaziba njia, na mtoto analala majimaji huku chembe za ndani zikiwa kavu.

Adui wa donge ninayemheshimu ni mmoja tu, chujio. Halibishani nalo wala halilipondi. Linaupitisha uji chini, donge linabaki limekalishwa juu kama mgeni rasmi.