Albamu ya Peke Yake ya Watu Wawili

Swali linalotuangusha ni jepesi mno, na ndiyo maana linauma. Sisi tunaoshikilia kwamba kazi bora ya Freddie Mercury nje ya bendi yake ya Queen ni albamu ya Barcelona ya 1988 tunaijua fedheha yake. Hoja zimepangwa, miaka imetajwa, sauti imepanda, kisha mtu aliyekaa kimya tangu mwanzo anauliza kwa upole: peke yake vipi, na kwenye jalada wako wawili? Kweli wako wawili. Tena wa pili si mwitikiaji aliyeletwa kujaza kiitikio. Ni Montserrat Caballé, soprano mzaliwa wa mji huohuo wa Barcelona, bibi aliyekwisha kuyatikisa majumba makubwa ya opera duniani. Kicheko kinapasuka, chai inaagizwa upya, na upande wa pili unajitangazia ushindi bila kusikiliza hata wimbo mmoja.

Kicheko hakijawahi kuwa hoja. Msanii kutoka peke yake maana yake ni kuwaacha wenziwe wa bendi, si kujifungia chumbani na kinanda. Albamu ya Mr. Bad Guy ya 1985, ambayo wapinzani wetu wanaibeba kifuani, nayo ina wapiga gitaa, besi na ngoma. Ilirekodiwa Munich, na aliyeisimamia pamoja na Mercury ni Reinhold Mack, yuleyule aliyesimamia albamu za Queen za miaka hiyo. Bwana amehama nyumba, kamchukua mpishi. Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja 1995, miaka minne baada ya kifo cha Mercury. Wenzake waliobaki walichukua nyimbo mbili za albamu hiyo, “Made in Heaven” na “I Was Born to Love You”, wakaiacha sauti yake, wakaweka vyombo vyao, wakazitia katika albamu ya Queen. Zilienea vizuri hata moja ikaipa albamu nzima jina. Nyimbo zinazorudi kwenye bendi kirahisi hivyo hazikuwa zimekwenda mbali.

Barcelona ilikwenda mbali, na namna ilivyotengenezwa inastahili kuelezwa bila haraka. Mwimbaji wa roki anaishi kwa maikrofoni: anaweza kunong’ona na uwanja mzima ukamsikia. Mwimbaji wa opera hufunzwa kinyume chake. Kwa miaka mingi anajifunza kutumia pumzi, koo na kinywa mpaka sauti yake ipenye juu ya okestra ya makumi ya watu na kumfikia aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, bila chombo chochote cha kuikuza. Sasa wachukue hao wawili, uwatie katika kanda moja, na mmoja asimmeze mwenziwe. Juu ya hayo, ratiba ya Caballé ilikuwa imejaa. Hakuwa mtu wa kuitwa studio na kusubiri wimbo utungwe. Kwa hiyo Mercury na mpiga kinanda Mike Moran, aliyetunga naye, walifanya hivi: Mercury aliimba sehemu zake kwa sauti yake, kisha akapanda kwenye sauti nyembamba ya juu na kuziimba sehemu za Caballé pia, ili bibi apate kanda ya kujifunzia. Kanda hizo zilikuja kutolewa baadaye na zinasikika hadi leo: mwanamume wa makamo akijiuliza kwa sauti nzito na kujijibu kwa sauti ya soprano. Basi jibu la lile swali la kwenye chai ndilo hili. Kabla wa pili hajafika, wa kwanza alikuwa ameshaimba za wote wawili. Kama huko si kuwa peke yake, hakuna aliyewahi kuwa peke yake.

Wapinzani wanasema kwenye jukwaa Mercury na Caballé hawakuimba, walifuatisha kanda, Ibiza 1987 na Barcelona Oktoba 1988. Ni kweli, ila tunapima albamu, hatupimi jukwaa. Wanasema Mr. Bad Guy ilifika namba 6 Uingereza. Chati ni shahidi wa kuogopwa: wimbo wa albamu hiyohiyo, “Living on My Own”, ulipotoka 1985, Mercury akiwa hai, uliishia namba 50, ukachanganywa upya na kushika namba 1 mwaka 1993, mwenyewe akiwa ameshafariki. Wanasema sehemu kubwa ya okestra ya Barcelona ni vinanda vya umeme. Hapo, kusema haki, hatucheki. Okestra ya kweli iliwekwa 2012, na aliyeinunua albamu mwanzoni akatakiwa atoe pesa tena apate kile alichostahili kupewa tangu 1988. Mwanamuziki akifa, kazi yake haizikwi. Inauzwa upya, na anayelipa kila mara ni yuleyule aliyempenda zaidi.

Wanaosema kazi yake bora ni “The Great Pretender” tunawakumbusha kwamba ni wimbo wa The Platters. Wanaoitetea “Love Kills” waendelee kucheza disko. Watu wa Unguja, alikozaliwa Mercury 1946, wana lalamiko zito kuliko yote: Barcelona ina Kijapani, ina Kihispania, Kiswahili hakimo.

Hata hivyo hukumu haibadiliki. Mr. Bad Guy ni Mercury akifanya bila Queen kile ambacho angeweza kukifanya na Queen. Barcelona ni kile ambacho bendi isingempa kamwe, na ndiyo kazi yake bora. Anayebisha asikilize “Guide Me Home” na “How Can I Go On” mfululizo, kisha aje na swali jingine.