Sifa za Aprili, Mwezi Usio na Msifu

Miezi mingine ya mwambao wetu imekwisha kupata wa kuisifu: Disemba na Januari husifiwa na manahodha kwa ajili ya kaskazi, iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi karne baada ya karne, Julai husifiwa na kila alalaye bila ya kupepewa, kwa kuwa kipupwe humtuliza, na hata Novemba, yenye vuli haba na maembe mengi, haikosi mtu wa kuitilia neno jema barazani. Aprili peke yake ndiyo iliyoachwa yatima. Wenye nyumba za makuti huilaani, dobi huiapiza, mvuvi huitazama akiwa ameketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, na abiria wa Dar es Salaam, anapoambiwa kwamba barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, huitaja kwa maneno ambayo adabu ya karatasi hii haiyapokei. Kwa kuwa ni dhuluma kumhukumu mshitakiwa asiye na wakili, nimejitolea kuutetea mwezi huu bila ya ujira, na natumaini baraza la wasomaji litanisikiliza mpaka mwisho, au angalau mpaka mvua ianuke.

Nitaanza na ukarimu wake. Dar es Salaam hupata katika mwezi huu mmoja takriban milimita 250 za mvua kwa hesabu ya miaka mingi, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya mvua ya mwaka mzima, na Unguja hupata zaidi ya 300. Tarakimu hizi zikiachwa uchi hazimwambii kitu mwenye nyumba. Lakini akikumbuka kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kisha akapima bati lake la mita 40 za mraba, ataona kwamba Aprili imemshushia mlangoni lita 10,000, ambazo ni mapipa 50 makubwa, bila ya ankara, bila ya foleni ya bombani, na bila ya kijana wa mkokoteni kudai nyongeza kwa sababu ya kilima. Kwamba mwenye nyumba hana mlizamu wala tangi la kuyapokea, na kwamba maji yote yamekwenda zake mtaroni yakachukua na viatu vya watoto, si taksiri ya mtoaji.

Fauka ya hayo, Aprili hulinda maskini. Mdai ambaye miezi yote hupiga hodi alfajiri hakanyagi tope la magotini kwa ajili ya shilingi elfu tano. Mgeni aliyekuja kwa kikombe cha kahawa cha saa kumi hufungiwa na mvua mpaka isha, akala kilichopo, akalala, na kabla ya kuondoka huwa amekwisha kusema habari za ukoo ambazo kwa jua la Februari zisingemtoka. Hali kadhalika nguo, ambazo hukaa siku tatu kambani zikitiwa na kutolewa, humfundisha mwenye nyumba ilmu ya mawingu kuliko kitabu chochote cha falaki. Na ukungu wa kijani unaoota juu ya viatu vilivyo mvunguni humkumbusha mtu kwamba ana viatu ambavyo havai. Sufuria zilizopangwa chini ya matundu ya paa hazihitaji sifa zangu; kila mmoja ana zake, na anazijua kwa sauti.

Wako wanaoishitaki kwa ukigeugeu. Shitaka hili silikani, ila nataka asili yake ijulikane. Jua likisha kuuvuka mstari wa Ikweta, mnamo tarehe 21 Machi, likashika njia ya kaskazini, ukanda ule ambamo pepo za pande mbili za dunia hukutana na kuupandisha juu mvuke wa bahari hulifuata kwa uvivu, ukichelewa kwa majuma kadhaa, ukapita juu yetu katika Aprili. Wakati huo kaskazi imekwisha nguvu na kusi haijashika hatamu, na mwambao hukaa kama mji ambao sultani wa kwanza amekwisha kushuka na wa pili hajatawazwa, kila mtaa ukijipigia ngoma yake. Asubuhi mjini Unguja ni jua la kukaushia kopra. Adhuhuri wingu jeusi limesimama juu ya Chumbe. Saa nane inanyesha Mkunazini na Forodhani ni kukavu. Na magharibi mbingu zimetakata kana kwamba hapakuwa na shauri. Mabaharia waliyaita majira hayo tanga mbili, kwa kuwa chombo kingeweza kwenda huku au kule, wala hawakuutaka upepo uwape ahadi. Sisi tulio na simu mifukoni ndio tunaodai ahadi.

Na kigeugeu huyu ndiye aliyetufundisha kuweka daftari. Wajerumani walikuwa wakipima mvua Dar es Salaam katika miaka ya 1890. Mwaka 1929 Waingereza wakaunda idara moja ya hali ya hewa kwa nchi zao za Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na vitabu vyake. Na katika muda wote huo hapakosekani mtu ambaye saa tatu ya asubuhi, inyeshe isinyeshe, hutoka kwenda kutazama chombo cha kupimia kimekusanya kiasi gani. Katika Julai mtu huyu huandika sufuri chini ya sufuri, na ukurasa wake hakuna atakayeufungua tena mpaka karatasi iliwe na mchwa. Ukurasa wa Aprili ndio unaotafutwa na mhandisi wa madaraja, na mwenye bima, na mwandishi wa gazeti, na kila mzee anayetaka kuthibitisha kwamba mvua za ujana wake zilikuwa mvua za kweli. Mwezi mtiifu hauna tarikhe.

Katika daftari hilo hutolewa wastani, ambao siku hizi hufanywa kwa miaka 30, kutoka 1991 mpaka 2020, kwa kuzijumlisha Aprili zilizofurika na Aprili zilizokauka na kuzigawanya sawasawa. Na mazao yake ni Aprili moja nzuri, yenye kiasi na heshima, ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyepata kuishi ndani yake. Tunapotangaziwa redioni kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, mkulima mwenye busara hushukuru, kisha huenda akatazama siafu. Simcheki mtangazaji. Mvua za vuli, kwa kuwa hufungamana na joto la Bahari ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi, wataalamu huweza kuzibashiri kabla ya miezi kadhaa. Za masika hufungamana na mambo hayo kwa uzi mwembamba, na ubashiri wake ni mgumu zaidi. Tena, tangu miaka ya 1980 masika yalipungua kwa muda mrefu hali mashine za kukokotoa tabia ya nchi zilikuwa zikisema yataongezeka, mpaka wataalamu wenyewe wakakiri kwamba hicho ni kitendawili cha Afrika Mashariki. Kwa ushindi huo Aprili haikupewa hata nishani ya bati. Wazee waliohesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, ile Siku ya Mwaka ambayo watu wa Makunduchi huisherehekea hata leo kila Julai, walijua kwamba mvua kubwa iko katika miongo ya ishirini na ushei, wakatayarisha mbegu, na siku yenyewe wakamwachia Mwenyezi Mungu.

Ushahidi wangu mkubwa ni wa tarehe 15 Aprili 1872. Ilmu ya bahari ilikuwa imewapa watu wa Unguja amani, kwa hoja iliyo sahihi, kwamba vimbunga havikaribii Ikweta, kwa kuwa mzunguko wa dunia ndio unaoupinda upepo ukazunguka, na nguvu hiyo huko ni dhaifu. Na Unguja iko digrii 6 tu kusini ya mstari. Aprili haikuwa imesoma vitabu hivyo. Merikebu za Sayyid Barghash, ambaye alikuwa amekalia kiti mwaka mmoja na nusu, zilitupwa pwani zikavunjika, nyumba zikaezuliwa, na mikarafuu ya Unguja, kwa makadirio ya wanahistoria thuluthi mbili, ikang'oka au ikakatika. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mashamba wa Pemba wakaongeza miti, na baada ya hapo Pemba ndiyo ikawa mtoaji mkubwa wa karafuu, Unguja ikafuata nyuma. Kuihamisha hazina ya dola kutoka kisiwa hiki kwenda kile kwa siku moja, pasi na waraka wala karani, ni kazi ambayo sijasikia waziri wa fedha aliyeiweza. Bara nako hakukusahauliwa: H. M. Stanley, akirudi pwani kutoka kwa Livingstone katika masika yayo hayo, alivuka bonde la Makata likiwa limegeuka ziwa, na alipofika Simbamwenni, karibu na Morogoro ya leo, alikuta mafuriko ya mto yamechukua sehemu ya ukuta wa mji.

Upande mchungu sitauficha. Miti mipya ilipandwa kwa mikono ya watumwa, na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alipofika mwaka uliofuata kutaka biashara ya watumwa ikomeshwe, Sultani aliitaja tufani ile kuwa udhuru wa kutokubali. Udhuru haukupita, na mkataba ukatiwa sahihi Juni 1873. Basi Aprili iliwahi kuitwa shahidi katika kesi kubwa kuliko zote za mwambao, ikaitwa kwa upande usio haki.

Kuhusu kuvunja miadi, niseme jambo moja tu: kimbunga kilichoupiga mji wa Lindi mwaka 1952 kilifika tarehe 15 Aprili, siku ile ile ya tufani ya Unguja, baada ya miaka 80 kamili. Mwezi usioweza kumwahidi bibi harusi saa mbili za ukavu ulikumbuka tarehe yake. Mwaka 2019 ulijitahidi tena, ukachelewa kwa siku kumi: kimbunga Kenneth kilikuja tarehe 25, Mtwara ikafunga skule na kuhamisha watu, kisha kikaingia nchi kavu ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, na majirani zetu ndio waliolipa.

Hapa wakili hana budi kuvua kilemba. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge la Tanzania kwamba watu 155 wamekufa katika mvua za msimu ule. Rufiji na Kibiti mashamba yalikuwa yamezama. Na kule Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29, maji yalishuka Mai Mahiu yakawachukua watu waliolala. Nilikuwa nimetayarisha hoja kwamba mwezi haukumwambia mtu yeyote ajenge katika njia ya maji. Hoja hiyo inafaa kusemwa mbele ya wanaochora ramani za miji na wanaotoa vibali. Mbele ya mfiwa haisemeki, nami naiacha.

Limebaki shauri la mipaka. Watu wa Mombasa, ambao mvua za masika huziita za mwaka, watalalamika kwamba nimeipa Aprili sifa za nduguye, kwa kuwa kwao mwezi wenye mvua nyingi zaidi ni Mei. Daftari lao linawaunga mkono, na siwapingi. Lakini wakitaka kumdai na Hidaya, kimbunga kilichofika karibu na Mafia siku za mwanzo za Mei mwaka huo wa 2024, kikasimamisha boti baina ya Dar es Salaam na Unguja, nitawauliza ni mwezi gani uliokuwa ukiipasha moto bahari ile iliyomlea. Na wasipotosheka na jawabu, itabidi twende kwa kadhi.