Mratibu Mwenye Kanga Mbili

Mratibu hodari kuliko wote wa huduma za awali kwa watoto wenye ulemavu Tanzania hana ofisi, mhuri wala posho ya kikao. Ana kanga mbili, moja kajifunga, nyingine kambebea mwanawe.

Kliniki alisema mapema: mwanangu ana miezi minane, shingo haijakaza. "Subiri mama, watoto hawafanani." Akasubiri. Mwaka uliofuata akaulizwa, kwa ukali kidogo, siku zote hizo alikuwa wapi.

Sasa anaratibu. Mazoezi ya viungo wanataka barua ya daktari. Ustawi wa jamii wanataka barua ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti yuko msibani. Shule ya awali wanataka kwanza mtoto ajue kukaa, jambo ambalo ndilo hasa alilokuwa akifundishwa kule kwenye mazoezi, kabla nauli haijakata. Faili ni mfuko wa rambo, wenye kadi ya kliniki na risiti zilizofifia.

Kwenye karatasi tumekamilika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na mwaka 2021 tukazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kifupi chake, PJT-MMMAM, ni zoezi tosha la matamshi kwa mtoto yeyote.

Waheshimiwa, kikao kijacho cha uratibu mwalikeni na huyu mama. Nauli yake ni daladala nne, kwenda na kurudi.