Jogoo wa Mama Mkwe

Ukinunua nyumba Dar es Salaam usidhani umekuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba wa kwanza ni benki, itakayokata mshahara wako mpaka uote mvi. Wa pili ni serikali, iliyokupa hati ya miaka 99 yenye sharti la makazi tu, usije ukaamka siku moja na wazo la kufungua gereji sebuleni. Wa tatu ni kamati ya wakazi, yenye mhuri, daftari la mihtasari na kijana wa getini. Wa nne hajaandikwa popote, naye ndiye mkubwa wao wote: mama mkwe.

Kamati yetu ilitukabidhi masharti siku ileile tuliyopewa funguo. Usianike nguo upande wa barabarani. Usipake ukuta rangi ya kuchagua mwenyewe. Usifuge ng'ombe, mbuzi, nguruwe wala kuku. Nikasaini kwa moyo mweupe, maana tangu nizaliwe mjini, kuku nimezoea kukutana naye akiwa ameshakaangwa.

Lakini Tabora, ukweni kwangu, hawakusaini kitu. Kule, habari kwamba binti amehamia kwake hujibiwa kwa tenga. Mama mkwe alipiga simu basi likiwa limeshaipita Singida.

"Baba, nimewatumia mbegu ya kuanzia. Msije mkachinja."

"Ahsante sana, mama," nikajibu. Mkwe gani mwenye akili angejibu vingine?

Tenga nililipokea stendi ya Mbezi. Ndani walikuwamo mitetea watatu na jogoo kishingo, shingo tupu, nyekundu, kama aliyenyolewa na kinyozi mwenye hasira. Miguu yao ilifungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Nilipomfungua uani, yule jogoo alisimama juu ya vigae, akainua mguu mmoja akautazama, akateleza kidogo, akajikung'uta vumbi la safari. Kisha akaparamia ndoo ya kudekia, akanyoosha ile shingo, akawika. Ua wetu umezungukwa na kuta ndefu pande tatu. Sauti ikagonga huku, ikarudi kule, mtaa mzima ukasikia majogoo wanne.

Zamu yake rasmi ilianza saa tisa na nusu usiku, akimtangulia muadhini kwa kitambo kirefu. Jirani wa kushoto hurudi kutoka kwenye starehe zake muda huohuo, kwa hiyo mmoja alikuwa akitafuta mto, mwingine ndiyo anafungua kazi. Jirani wa kulia ni nesi wa zamu za usiku. Yeye hulala mchana, na mchana jogoo hakuwa na likizo.

Kila mtu akaja na dawa yake. Kijana wa getini alisema mfunikeni, akiona giza atadhani bado usiku. Tukamfunika kwa boksi la friji, na juu yake blanketi. Akawika mlemle ndani, safari hii kwa sauti nzito. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walilithibitisha jambo hili mwaka 2013: jogoo ana saa yake mwilini, na hata ukimweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika, wakati wake ukikaribia atawika. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba majogoo wakiwa kundi, mkubwa wao ndiye huanza, wadogo wanafuata kwa vyeo. Wa kwetu alikuwa peke yake. Hakuwa na mkubwa wa kumsubiri.

Mke wangu akakimbilia sheria. Alichimbua kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992, zilizomruhusu mkazi wa mjini kuwa na ng'ombe wasiozidi wanne, mradi wafugiwe bandani. "Ng'ombe wanne sawa, jogoo mmoja kosa?" akauliza. Mimi nikaileta Ufaransa: mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ilimpa ushindi jogoo aitwaye Maurice, wa kisiwa cha Oléron, aliyelalamikiwa na majirani wenye nyumba ya likizo, na mwaka 2021 nchi ile ikatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za shamba. Hoja nzito. Ila mwenyekiti wetu si Mfaransa, ni Mzaramo.

Barua ikaja, ina mhuri: mifugo iondolewe mara moja. Sasa jogoo huondolewa kwa njia tatu. Kumchinja, mama mkwe amekataza. Kumuuza, mama mkwe atauliza yuko wapi. Kumrudisha Tabora, hiyo ni talaka iliyopakiwa kwenye basi.

Tukiwa bado tunapima, mama mkwe mwenyewe akatua. Alisema amekuja kutuona sisi, lakini alitupita sebuleni akaenda moja kwa moja uani. Jioni yake mwenyekiti naye akabisha hodi kuifuatilia barua: mzee mstaafu, baraghashia kichwani, kalamu mfukoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema, jasho linanitoka.

"Marahaba. Kijana wangu, huyu jogoo..."

"Karibu, baba," mama mkwe akadakia. "Kwenu wapi?"

"Kisarawe, mama."

"Mzaramo!" Akapiga makofi. "Ndiyo maana anakusumbua. Nyie mmezoea kuamshwa na ngoma."

Mzee akavua baraghashia, akaivaa tena. Barua akaikunja. "Kumbe ni Mnyamwezi! Mababu zenu walitubebea mizigo ya watu mpaka Bagamoyo, leo mmeona mtubebee kelele."

Pale nikajua shauri limehamia mahakama nyingine. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara ya wapagazi, na hausikilizi mhuri. Walitukanana kwa furaha mpaka chai ya pili. Kisha mzee akasimama, akamnyooshea jogoo kidole.

"Huyu ni wangu, mtani. Nimemtaifisha."

Mama mkwe, aliyetuwekea sisi marufuku ya kila aina, akacheka mpaka akashika ukuta. Mtani akichukua amechukua. Alimfunga miguu mwenyewe, kwa kipande kilekile cha kanga, na jogoo akatoka getini kwapani mwa mwenyekiti, safari ya shamba la Kisarawe. Kijana wa getini akapiga saluti. Mwenyekiti na jogoo, wote wawili walikuwa na kofia nyekundu.

Mitetea wamebaki. Muhtasari wa kikao unasema kero ya kelele imeshughulikiwa. Idadi ya kuku waliosalia haikuingia kwenye ajenda. Nesi sasa analala, na akiamka anamtuma mwanawe na bakuli kuulizia mayai. Kamati iliandika kuku, kumbe watu walikuwa wanadai usingizi.

Mwenyekiti hupita kila Jumamosi kufanya ukaguzi, na mke wangu humfungashia mayai sita. Juzi nilimwuliza, kwa adabu zote, kama hii haiwezi kuitwa rushwa.

"Rushwa anatoa mgeni, kijana wangu," akajibu, akiyageuza moja moja kutafuta nyufa. "Hii ni kodi ya utani. Na mwambie mama yako huko Tabora, mnadaiwa ya wiki iliyopita."